Risala ya Madereva na Wamiliki wa Trekta Ndogo wa Usangu: Breki Ikae Pale Mguu Unapoitafuta

Sisi ni madereva na wamiliki wa trekta ndogo tunaolima mpunga katika bonde la Usangu, kuanzia Igurusi hadi Rujewa na Ubaruku. Tulipopewa nafasi ya kusoma risala, wenzetu walidhani tutaomba mikopo, dizeli na spea. Hayo yamesemwa na wengine, na yatasemwa tena mwakani. Sisi tumekuja na jambo la unyayo: pedali za trekta zinakaa wapi, nani aliamua zikae hapo, na kwa nini mtu anayezikanyaga kutwa hakuulizwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, dereva wa huku amefundishwa upya mara tatu. Mpango wa serikali wa Kilimo Kwanza wa mwaka 2009 ulitusambazia pawatila, mashine ya magurudumu mawili inayoongozwa kwa mikono. Pawatila haikatwi kona kwa mguu. Unabana kishikio cha upande unaotaka kwenda, gurudumu la upande huo linakosa nguvu, mashine inageuka. Lakini ina hila yake, na anayeijua aliijua kwa kutetemeka: kwenye mteremko mambo yanapinduka. Ukibana cha kushoto, gurudumu la kushoto linaachiwa, linakimbia kulipita la kulia, na mashine inakupeleka kulia. Kwa hiyo kijana akajifunza kwamba mkono wa kushoto ni kushoto tambarare na ni kulia mteremkoni.

Zikafuata trekta za magurudumu manne, nyingi mtumba wa Japani, zilizoundwa kwa ajili ya mashamba madogo ya mpunga kama yetu. Hapo ikawa zamu ya mguu kufundishwa: klachi kushoto, breki kulia, na breki zenyewe ni mbili, moja ya gurudumu la nyuma la kushoto na nyingine ya kulia. Sasa zinaingia trekta za hidro. Injini inazungusha pampu, mafuta yanazungusha mota, na pedali moja inaamua mafuta kiasi gani yapite na yaelekee upande gani. Huhitaji klachi kuondoka wala kurudi nyuma. Na breki? Inategemea umenunua wapi na mwaka gani. Katika baadhi ya mifano imehamishiwa kushoto, mahali ilipokuwa klachi. Katika mingine imebaki kulia, juu ya pedali ya mwendo.

Msimu wa kuandaa majaruba deiwaka mmoja, yaani dereva wa kibarua, anaweza kushika mashine zote tatu kati ya alfajiri na magharibi, maana analipwa kwa heka na trekta ikiharibika anahamia nyingine. Akili yake inajua amepanda ipi. Mguu haujui. Gari la mbele likisimama ghafla barabarani, au mtoto akichomoka nyuma ya magunia, hakuna muda wa akili kuushauri mguu, utakwenda ulikozoea. Dereva aliyelelewa na trekta ya gia atashindilia wa kulia. Kwenye hidro ambayo breki yake iko kushoto, huo wa kulia umekanyaga mwendo. Vilevile atashindilia wa kushoto, akidhani ni klachi, na safari hii atakuwa amefunga magurudumu ya nyuma kwa nguvu zote. Yaani anasukuma na kuzuia kwa wakati mmoja, tela likiwa nyuma yake.

Hatusemi waliohamisha breki walikuwa wajinga. Tumekaa na mafundi, tumezigeuza hoja zao, na zina uzito. Trekta ndogo ina nafasi finyu ya miguu: katikati limepita boksi la gia, huku na huku ni vijukwaa vyembamba ambavyo gambuti moja linavijaza. Ukiweka mwendo na breki vyote kulia, pedali zinasongamana, na soli pana yenye tope inagusa mbili kwa mpigo. Ukihamisha breki kushoto, kila mguu unapata kazi yake. Kuna faida nyingine wanayoijua wanaopakia samadi kwa koleo la mbele: unaweza kuishika trekta kwa breki juu ya mwinuko huku mguu wa kulia ukianza kuingiza mwendo taratibu, isirudi nyuma hata kidogo. Na ukitaka kukata kona kwa breki ya gurudumu moja, mguu wa kulia unaendelea kusukuma huku wa kushoto ukizuia. Breki ikiwa kulia huwezi. Ukihamisha mguu kwenda kwenye breki, mwendo unakata.

Pedali ya mwendo yenyewe ina ubishi wake. Iko ile inayocheza kama ya cherehani, ncha ya mguu mbele, kisigino nyuma. Na ziko zile za pedali mbili zinazojitegemea, moja ya mbele na moja ya nyuma. Ile ya kisigino ni ya haraka, mguu hauhami. Lakini jaruba lina matuta. Trekta ikidunda, kisigino nacho kinadunda, na mashine inajirudisha yenyewe bila mtu kuamua. Zile mbili haziko hivyo, ila zinadai mguu uhame, nao ukihama mara nyingi kwa siku unachoka, na mguu uliochoka unakosea pedali. Wenzetu warefu wanapenda mbili, wafupi wanapenda ya kisigino. Hapo hatukuafikiana na hatuna ombi.

Kwenye breki tumeafikiana, na msingi wetu ni hidro yenyewe. Breki ya gurudumu moja ilipewa trekta ya gia kwa sababu kwenye tope usukani peke yake hautoshi. Magurudumu ya mbele yanaserereka yakiwa yamekatwa kabisa na trekta inaendelea mbele kuelekea kwenye tuta la jirani. Ukilizuia gurudumu la nyuma la ndani, trekta inajizungusha juu yake. Kurudi nyuma kwa gia ni kazi, klachi, gia, klachi, kwa hiyo breki ilikuokoa. Hidro hairudi nyuma kwa kazi. Unabonyeza, imerudi. Kona ambayo trekta ya gia huikata kwa breki, hidro huikata kwa kwenda mbele, kurudi kidogo na kwenda tena, na jaruba linachimbika kidogo kuliko gurudumu likisagia mahali pamoja. Basi sababu kubwa ya kuhamisha breki ya hidro kwenda kushoto, kwa kazi zetu za mpunga, imepungua nguvu. Inabaki ile ya koleo na mwinuko. Sisi hatuna koleo. Tuna barabara kuu ya TANZAM, yenye malori ya Tunduma, na tela la magunia.

Kwa hiyo tunasema wazi: kwa trekta za hidro zitakazouzwa kwa wakulima wa mpunga wanaovuta tela, breki ibaki kulia, iwe juu kidogo kuliko pedali ya mwendo ili mguu ulazimike kunyanyuka kuifikia, na nafasi kati ya hizo mbili itoshe gambuti. Tunajua tunachopoteza. Tumekipima kwa miguu yetu.

Ndugu Mgeni Rasmi, sasa tunafika kwenye malalamiko yaliyotuleta hasa, nayo ni ya trekta zote, za gia na za hidro, zenye breki mbili.

Breki mbili zinaunganishwa kwa komeo dogo. Shambani unalifungua, upate kuzuia gurudumu moja. Barabarani unalifunga, ili ukikanyaga, magurudumu yote mawili yazuiwe sawa. Kila kitabu cha trekta kinaandika hivyo, na kibandiko kiko karibu na miguu. Lakini tazameni komeo lenyewe lilivyowekwa. Liko chini kwenye pedali. Kulifunga inabidi uiname, mara nyingi usimame au ushuke, uingize mkono penye tope na kulisukuma kwa kidole. Dereva ametoka jarubani jua linazama, anaitwa aende kubeba magunia, analipwa kwa safari. Anapanda tuta, anaingia barabarani, anaongeza gia. Komeo liko wazi. Baiskeli inakatiza. Anakanyaga breki, mguu unagusa moja tu, ile ya kulia iliyo karibu. Gurudumu la nyuma la kulia linafungwa, la kushoto linasukuma, trekta inajipinda kulia kwa ghafla, na kwa kuwa ni nyembamba na kitovu chake cha uzito kiko juu, inalala. Tela linaimalizia.

Hilo si jambo la Usangu peke yake. Huko huko Japani, wenye trekta hizi tangu miaka ya 1960, watafiti wa zana za kilimo waliona kwamba breki ya upande mmoja iliyosahaulika ni chanzo cha trekta kupinduka. Hawakuishia kwenye kibandiko. Waligeuza mpangilio wenyewe: pedali mbili zikae zimeungana muda wote, na anayetaka kuzuia gurudumu moja akanyage kwanza pedali ndogo ya kuzitenganisha. Anayesahau, anasahau akiwa salama. Kile kitendo cha ziada kimehamishwa kutoka barabarani kwenda shambani, mahali ambapo kukosea kunakugharimu tuta la udongo. Shida yetu ni kwamba trekta tunazoletewa ni za zamani kuliko wazo hilo, na hata katika mpya, tukiuliza muuzaji kama kifaa cha namna hiyo kipo, tunaonyeshwa rangi ya boneti.

Tena hata komeo likifungwa, kazi haijaisha. Anayelima jaruba hukata kona nyingi za upande mmoja, kwa sababu ya mfereji ulivyokaa au kwa mazoea tu, na breki ya upande huo inalika mapema. Ukiziunganisha, pedali zinashuka pamoja lakini moja inashika na nyingine bado. Trekta inavuta upande. Kusawazisha mchezo wa pedali ni kazi ya spana mbili na dakika chache, ila hakuna mahali tulipofundishwa, na kitabu kiko kwa Kijapani.

Hapo tena tuseme kidogo kuhusu maandishi. Trekta ya mtumba inakuja na vibandiko tusivyoweza kuvisoma. Baadhi zina kitasa kinachoongeza kasi ya magurudumu ya mbele kufika karibu mara mbili unapokata usukani, kizuri sana kwenye tope, na kibaya mno kama kimeachwa wazi ukiwa kwenye lami. Kuna dereva aliyekijua kwa kukigusa. Kimataifa kuna lugha ambayo haihitaji Kijapani wala Kiingereza: alama za picha zilizo katika kiwango cha ISO 3767, na rangi za vishikio, nyekundu kwa kuzima injini, rangi ya chungwa kwa vinavyohusu mwendo wa trekta, njano kwa vinavyoingiza nguvu kwenye rotaveta, nyeusi kwa mengineyo. Fundi akipaka upya trekta ili ing'ae sokoni, anapaka vishikio vyote rangi moja. Inapendeza kweli.

Hidro ina udanganyifu mmoja ambao lazima tuutaje. Ukiachia pedali, trekta inapunguza mwendo yenyewe, mafuta yanaizuia. Dereva anaweza kumaliza wiki nzima hajagusa breki. Pedali inashika kutu na tope linagandamana chini yake, hata siku ikihitajika haiwezi kushuka mpaka mwisho. Na ile nguvu ya mafuta ya kuzuia haipo kabisa kama kishikio cha kuchagulia mwendo wa pole au wa kasi kiko huru katikati. Trekta inateremka kama jiwe. Anayeshuka na mzigo anapaswa kuchagua mwendo wa pole kabla ya mteremko, aingize magurudumu manne ili na ya mbele yasaidie kushika, maana breki za trekta hizi nyingi ziko ekseli ya nyuma tu. Maneno hayo yanatosha kwenye ukurasa mmoja. Ukurasa huo haujawahi kuambatana na risiti.

Na swichi ya kiti, inayozima injini dereva akinyanyuka huku rotaveta ikizunguka, mafundi wetu wanaipitishia waya. Tunajua ni hatari. Wanaipitishia kwa sababu dereva wa jaruba husimama kuangalia tuta linapoishia, na injini inazimika katikati ya tope. Mtengenezaji angeipa sekunde chache kabla ya kuzima, au angeshusha kiti na boneti watu waone mbele wakiwa wamekaa, waya usingekuwa na wateja.

Fremu ya kinga, ile nguzo ya nyuma ya kiti inayomlinda dereva trekta ikipinduka, hutolewa ili trekta zienee kwenye kontena, na nyingi hazirudishwi. Sweden ililazimisha kinga kwa trekta mpya mwaka 1959. Hatuna la kuongeza.

Ndugu Mgeni Rasmi, maombi yetu tuliyoyatamka njiani hatutayarudia. Tunaomba haya mengine.

Tunaomba kituo cha CAMARTEC kule Arusha, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1981, kinapopima trekta kisiishie kwenye nguvu za injini na kina cha jembe. Kipime pedali. Wakae juu yake watu wafupi na warefu, wamevaa gambuti zenye tope, kisha iandikwe ni nguvu kiasi gani inatakiwa kusimamisha trekta yenye tela, breki iko upande gani, zimeungana au zimetengana mtu asipofanya lolote, na komeo linafikiwa mtu akiwa amekaa au hapana. Ripoti hiyo, kwa Kiswahili, ining'inie kwenye usukani siku ya kuuza. Wazo hili ni la zamani. Jimbo la Nebraska, Marekani, lilipitisha sheria ya kupima trekta mwaka 1919, baada ya mkulima mmoja aliyekuja kuwa mbunge, Wilmot Crozier, kuuziwa trekta yenye jina la Ford lisilohusiana na Henry Ford, nayo ikamshinda shambani. Sheria ile ilidai trekta ipimwe kabla ya kuuzwa, na mwenye kuiuza awe na spea ndani ya jimbo. Miaka zaidi ya 100 imepita. Sisi bado tunaipima trekta kwa kuipanda.

Tunaomba Shirika la Viwango, TBS, kwa trekta za mtumba, ikatae zile ambazo komeo la breki limepotea au limechomelewa. Kwa zinazoingia, iwe sharti kuwa na vibandiko vya Kiswahili vinne tu: breki, komeo, kitasa cha magurudumu ya mbele, na mteremko. Wakitaka kuongeza cha tano tutawauliza nani atakisoma. Kwa trekta mpya zenye breki mbili, tunaomba iandaliwe kanuni kwamba pedali ziwe zimeungana mpaka dereva azitenganishe kwa makusudi, na muda wa waagizaji kujiandaa utajwe humo humo, wasije wakasema hawakuambiwa.

Kwa waagizaji na wauzaji waliopo hapa: mnapoagiza, andikeni kwenye barua ya oda upande wa breki mnaoutaka. Viwandani wanatengeneza za pande zote mbili. Mnachoagiza ni rangi na nguvu farasi kwa sababu ndicho tunachoulizia, hilo tunalielewa, na kuanzia leo tutaulizia na pedali. Trekta za skimu moja ya umwagiliaji ziwe za mpangilio mmoja hata kama bei itapanda kidogo; deiwaka ni wale wale.

Mamlaka ya mafunzo ya ufundi, VETA, tunaiomba kozi fupi ya siku mbili, ya kuhama kutoka pawatila kwenda trekta na kutoka gia kwenda hidro, itolewe kijijini, kwa mashine iliyopo kijijini, kabla ya mvua. Mtu aliyezoea gia akalishwe kwenye hidro iliyozimwa, aelekezwe macho mbele, aambiwe "breki!" mara nyingi mpaka mguu uende wenyewe.

Na kwa wamiliki, wengine ni sisi wenyewe tuliosimama hapa: malipo ya heka na ya safari yatenganishwe. Anayelima alime, akabidhi trekta, mwenye trekta akague komeo na mchezo wa pedali, ndipo ivute tela. Dakika hizo zilipwe kama kazi, kwa sababu zikiwa za bure hazitafanyika. Tela linalozidi uzito wa trekta na halina breki yake lisiingie TANZAM. Kuna njia za mfereji, ni ndefu, tunazijua.

Tunaomba majibu ya maandishi kutoka kwa kila ofisi tuliyoitaja, yafike kabla trekta hazijaingia majarubani kuchavanga tope. Nje ya banda hili tumeegesha trekta mbili, ya gia na ya hidro, injini zimezimwa na hendibreki zimevutwa. Tunamkaribisha Ndugu Mgeni Rasmi, pamoja na kila muuzaji aliyevaa viatu vya ngozi, apande moja kisha nyingine na atafute breki bila kuinama kutazama.